Somo la Midomo ya Ndege

"Haya, nani ameelewa?" Bindeshwar aliuliza.

Hakuna mkono ulioinuka. Darasa zima la saba lilimkodolea macho kama ng'ombe anavyoitazama treni ikipita.

"Lalmuni? Hata wewe?"

"Sijaelewa, Guruji."

Lalmuni, binti wa dobi, ndiye aliyekuwa kichwa cha darasa. Mwaka jana alimsahihisha Bindeshwar hesabu za sehemu mbele ya wenzake, tena bila haya. Leo alikuwa ameinamisha uso, kibanio cha nguo bado mkononi.

"Labda turudie kesho," akasema.

"Turudie, Guruji!" wengine wakaitikia, hata Sahjad, mtoto wa mfuma nguo, ambaye kwa kawaida hakuitikia hata jina lake.

Bindeshwar akafuta ubao. Somo lenyewe halikuwa la kumtoa mtu jasho. Viumbe wa ukoo mmoja wakitawanyika, kila mmoja hubadilika, vizazi kwa vizazi, kwa kufuata riziki yake: huyu mdomo mnene wa kupasulia, yule mdomo mwembamba wa kuchokolea, mpaka ukiambiwa ni ndugu unakataa. Na wasio ndugu, wakitupwa kwenye shida moja, huishia kufanana. Pomboo wa mto Ganga ananyonyesha, samaki rohu anataga, lakini maji yamewachonga umbo moja.

Waraka wa idara ya elimu ulisema somo lifundishwe kwa vitendo. Vifaa vya vitendo havikuja na waraka. Havikuja kama ambavyo havikuja vioo vya madirisha, wala mshahara wa walimu wa mkataba, wala magunia ya mchele wa jiko la shule, ambayo yalikuwa yanangoja sahihi ya mkubwa fulani aliyeko safarini. Wakubwa wana safari nyingi. Basi Bindeshwar akajitafutia vyake: koleo, vijiko, vibanio, na bakuli kubwa la dengu za kukaanga na bisi za mchele. Kila kundi lilipewa mdomo wake, lidonoe liwezavyo.

Kila siku alilazimika kukaanga nyingine. Zile za jana zilikuwa zimepotelea kwenye nyufa za sakafu, na sakafu nayo ilikuwa na nyufa tangu ilipozinduliwa.

Mwalimu mkuu, Kapildeo Jha, alimsubiri barazani.

"Ndege wako hawajaruka tu, Bindeshwar? Mwezi mzima mko kwenye sura moja! Hata kuku angeshaatamia akatotoa."

"Hawashiki, mkuu. Nimefanya kila njia."

"Hawashiki wao au hushiki wewe? Sikiliza. Kesho afisa wa elimu anakuja. Atawauliza mwenyewe. Wakikaa bubu, mkataba wako kachomee chapati."

Ajira nyingine Bindeshwar hakuwa nayo, na kwa umri wake hakuna aliyekuwa akimngoja popote.

Alfajiri alichuchumaa mbele ya jiko, akageuza dengu kwenye mchanga wa moto. Nusu ziliungua. Mkewe, Sumitra, ndiye aliyeujua moto wa dengu. Sumitra alifia kwenye benchi la hospitali akimngoja daktari, na daktari alikuwa amekwenda kumvisha waziri shada la maua. Tangu siku hiyo Bindeshwar hakumwomba mkubwa yeyote kitu chochote. Leo ilibidi amwombe mmoja huruma.

Afisa alifika saa tano, amejifunika pua kwa leso kwa ajili ya vumbi. Akakalishwa kwenye kiti cha mwalimu mkuu, akaletewa chai na samosa mbili. Darasa likanyamaza kimya ambacho Bindeshwar hakuwahi kukipata hata kwa fimbo.

"Wewe," afisa akamwita Tetri, ambaye wazazi wake walifyatua matofali kwenye tanuri la kando ya mto. "Kwa nini midomo ya ndege haifanani?"

"Sijaelewa, sahib."

"Wewe?"

"Sijaelewa, sahib," akasema Sahjad.

Wa tatu, hivyo hivyo. Wa nne akatikisa kichwa tu. Bindeshwar alikuwa ameegemea ubao, akitamani kuwajibia.

Afisa akamaliza samosa, akajifuta vidole. "Mwezi mzima, Jha-ji! Hapa hakuna mwalimu. Huyu asionekane tena kesho."

"Sahib."

Lalmuni alikuwa amesimama. Alimtazama Bindeshwar, akawatazama wenzake. Tetri akamvuta sketi akae. Hakukaa.

"Wa ukoo mmoja hutofautiana kwa sababu riziki zao ni tofauti," akasema. "Wasio wa ukoo mmoja hufanana kwa sababu shida yao ni moja. Popo na ndege wote wana mabawa, lakini popo ni jamaa ya panya zaidi kuliko ya kunguru. Kila mtu humu anajua, sahib. Tunajua tangu siku ya kwanza."

Bindeshwar alishika ukingo wa meza.

Afisa akakunja uso. "Hayo yamo kitabuni. Nipe mfano usiokuwamo."

"Sisi, sahib. Mimi wa dobi, Sahjad wa mfuma nguo, Tetri wa tanurini. Hatuna udugu, na hakuna aliyemfundisha mwenzake. Lakini kila mmoja alianza mwenyewe kusema hajaelewa."

"Na kwa nini mnamdanganya mwalimu wenu?"

Lalmuni akalitazama bakuli la dengu.

"Somo linalofuata ni la umeme, sahib," akasema. "Umeme hauliwi."