Zamu ya Mize

Kila mkaazi wa Pemba aliruhusiwa kuizunguka pwani ya kisiwa mara moja tu maishani. Kombo aliimaliza ruhusa yake ujanani, na tangu walipooana hakuchoka kumsimulia mkewe, Mize, uzuri wa ufukwe wa Vumawimbi. Zamu ya Mize ilipofika, Kombo alikubaliwa kumsindikiza, mradi afungwe kitambaa machoni.

Gari lilijiendesha lenyewe, likapanda vilima vya mikarafuu, likapenya msitu wa Ngezi. Mize alimweleza mumewe kila alichokiona, naye Kombo akawa anacheka kwa furaha.

"Tumefika ufukweni?" aliuliza. "Bado mweupe vile vile?"

Mize alitazama. Bahari ilikuwa imeumeza mchanga wote, na minazi imesimama majini, imekauka. Akamshika mumewe mkono.

"Mweupe, bwana wangu. Kama ulivyonambia."

Kombo alitabasamu. Kisha akageuzia sikio upande wa pili wa barabara, upande wa mashamba.

"Mize, mbona na huku nasikia mawimbi?"

Mize hakugeuka kutazama.

"Ni upepo kwenye mpunga," alisema, akapandisha kioo taratibu.