Picha Iliyokatwa Pembeni

Kwa mara ya nne tangu Ramadhani, Nizar alipanda ngazi za Bi Mabruka akiwa na mkoba wa vifaa asivyovihitaji. Ugonjwa wa televisheni ile aliujua: kubonyeza kitufe kimoja cha rimoti, basi, picha ingeenea. Aliujua kwa sababu aliuweka mwenyewe.

"Karibu, fundi wa miujiza," Bi Mabruka alimlaki. "Leo utaifufua, au tuizike moja kwa moja?"

"Tutaona, mama. Fundi ni Mungu."

"Mungu nimemwachia mengine. Hii ni yako."

Alikuwa ameketi kwenye godoro la kukalia kando ya ukuta, anafuma sweta la kijani, miwani imemteremka hadi ncha ya pua. Simu yake ilikuwa chali kando ya kikapu cha sufu, kioo kikimwelekea, imeunganishwa kwa waya mrefu na televisheni. Kila Ijumaa, kuskusi ya samaki ikishaliwa, mwanawe Wajdi humpigia simu ya picha kutoka Italia, naye humtazama kwenye skrini kubwa huku sindano zikienda. Tatizo ni kwamba televisheni iliikuza picha kupita kiasi, kingo zote zikamwagika nje. Wajdi alibaki uso, shingo na kipande cha kifua.

Miezi saba nyuma Wajdi alimpigia Nizar, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Mashine ya kiwanda cha nyanya ilikuwa imemng'oa mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko.

"Mama ana maradhi ya moyo, unajua," alisema. "Akiniona hivi, utamzika wewe, mimi sitawahi kufika. Nitakaa upandeupande, lakini nikianza kucheka najisahau, najigeuza. Nikatie picha hukohuko."

Nizar akamkatia. Kisha akamtazama mama wa watu machoni na kumwambia kwamba televisheni yake imezeeka, haiwezi upana wa simu za siku hizi. Wahenga husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huu wa Wajdi ulimwelemea Nizar kama gunia la chumvi iliyolowa.

Mwezi ule wa kwanza wa uongo huo nusura siri ivuje. Wajdi alipunga mkono wa kushoto kumsalimu mama, halafu akainua glasi ya chai kwa mkono uleule.

"Kushoto, Wajdi?" Bi Mabruka alimfokea. "Hiyo ndiyo adabu waliyokufundisha huko?"

Wajdi akacheka, akasema mkono mwingine umeshika sigara. Ijumaa mbili tatu mama aliendelea kumsuta. Baadaye akaacha, na Nizar akamshukuru Mungu kwamba wazee husahau.

Leo alijifanya anakagua nyuma ya televisheni. Alichomoa waya, akaupuliza, akaurudisha palepale. Nyuma yake Bi Mabruka alimimina chai, akatupia lozi juu yake kwa ukarimu uliomzidishia Nizar aibu.

"Kunywa kwanza. Mungu akusalimishie mikono yako."

Ndivyo wanavyoombewa mafundi wote wa mji huu wa Mahdia, na Nizar aliitikia dua hiyo tangu alipojifunza kazi. Siku hizi ilimchoma. Alipokea glasi bila kuinua macho.

"Nimeamua," mama akasema. "Nitauza bangili zangu za harusi, ninunue televisheni mpya. Wewe utanichagulia. Kubwa, pana, nimwone mwanangu mzima."

Chai ilimpalia. Bangili zile zilikuwa mikononi mwa mama palepale, nyembamba, zimelika kwa miaka arobaini ya kukanda unga.

"Usiziuze, mama."

"Kwa nini? Si umesema hii imekufa?"

"Nilisema imezeeka."

"Hata mimi nimezeeka, na bado naona." Hakunyanyua uso kutoka kwenye ufumaji wake. "Niambie basi, mwanangu. Inatengenezeka au haitengenezeki?"

Nizar alishika rimoti. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Akikibonyeza, amemsaliti rafiki yake, na pengine amemuua mama huyu sebuleni kwake. Asipokibonyeza, ni mwizi, anamvua mwanamke bangili za harusi. Njia ya mwongo fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani. Aliona bora aseme yote, taratibu, ameketi karibu naye, dawa zake za moyo zikiwa hapo mezani.

"Mama," alianza. "Televisheni yako haina ubaya wowote. Ubaya ni wangu. Wajdi—"

"Ngoja kidogo, nifunge fundo."

Alifunga fundo, akaukata uzi kwa meno. Alilinyoosha sweta magotini, akalipapasa mara mbili, kisha akampa.

"Mzee Tijani anaondoka na meli ya Italia kesho, amenibakizia nafasi kwenye vifurushi. Mpelekee hili, alifikishe kwa Wajdi. Baridi ya kule imeshaanza. Likunje vizuri, usinivurugie kazi yangu."

Nizar aliweka rimoti chini, akalitandaza sweta juu ya mapaja yake ili alikunje. Mkono wa kushoto ulikuwa mrefu, umefika hadi kwenye kifundo cha mkono. Wa kulia uliishia juu kidogo ya kiwiko, na mdomo wake ulikuwa umefumwa ukafungwa, kitanzi kwa kitanzi, kwa sufu laini kuliko yote iliyokuwa kikapuni.