Vidole vya Zamoyoni

Siku hizi kosa la ofisini halina kesi. Kompyuta ikiandika jina lako chini ya waraka mbovu, roboti hukufuata nyumbani ikakuvunja kidole.

Fundi Mbwiga alinakili mipangilio ya kompyuta ya kazini ya mkewe, Zamoyoni, kwenye kompyuta zote mia mbili za idara, akasahau kubadilisha jina; kila waraka mbovu wa idara ukatoka na jina la mkewe. Kufikia adhuhuri Zamoyoni, aliye likizo ya uzazi, alikuwa amevunjwa vidole vinne.

"Baba Neema, siwezi hata kumshika mtoto!" alilia kwenye simu.

Mbwiga alikimbia meza hadi meza akirekebisha. Alipofika kompyuta ya mwisho, hasira zikampanda, kabla ya kuirekebisha akaandika barua: "Kosa ni langu. Nivunjeni mimi!" Akaituma.

Chini ya barua pakatokea jina: Zamoyoni.

"Baba Neema," simu ikasema, "roboti inagonga tena."