Kanga ya Herufi za Mviringo

Mjini kwao haikuchapwa kanga kabla mtambo haujapima macho ya atakayeisoma na kumchagulia umbo la herufi. Maneno ambayo angeyaamini tu yalipewa herufi nyembamba. Yale ambayo angeyatilia shaka yalivishwa nene za mviringo, zinazotuliza moyo hadi ukaamini.

Miaka yote Mwanamize aliletewa nyembamba. Siku hiyo mumewe, Shaali, akaja na kanga ya mviringo: SINA MWINGINE ILA WEWE.

“Herufi umezichagua mwenyewe, baba Zuhura?”

“Mtambo huo, mke wangu. Mimi nimetoa maneno tu.”

Mwanamize hakuwahi kumshuku. Sasa mtambo umeona nini? Akaikunja kanga, maandishi yakae ndani, maana kila akiyasoma alimwamini.