Kabati Lenye Akili

Sheria ilikuwa kwamba mwenye kisukari hafungui kabati la chakula mwenyewe. Kihisi kilichobandikwa mkononi mwake ndicho kilichofungua, sukari ikishuka mno, na aliyempa kitu kitamu kabla ya hapo alikuwa mkosaji.

Asubuhi hiyo Zawena alikuwa akifua pale jasho la baridi lilipomtoka na mikono ikaanza kutetemeka. Akajikokota hadi jikoni.

"Wifi, nionjeshe soda yako. Sukari inashuka."

Nasra, dada wa mumewe, aliitazama namba ya kihisi kwenye kioo cha ukutani. "Sita. Mzima kuliko mimi. Acha ulafi."

"Kihisi hakisomi damu, kinasoma maji ya chini ya ngozi. Kinachelewa."

"Ehe, daktari! Kaka yangu kaoa msomi." Akapiga funda, akacheua.

Zawena aliuvuta mlango wa kabati, haukutikisika. Miguu ikamlegea, akateremka na ukuta hadi sakafuni. Alitaka kusema neno, ulimi ukamkatalia.

Namba ikaanza kushuka. Ilipofika tatu, kabati likafunguka lenyewe, na chupa ya asali ikaonekana kwenye rafu ya juu.

Nasra hakuinuka kitini. "Haya, si limefunguka? Njoo uchukue."