Mita Moja na Sentimita Kumi na Saba

Kwa mara ya tatu, ukuta wa nyuma uligoma kufunga. Kwenye kioo cha kompyuta kulibaki mwanya uliozungushiwa mstari mwekundu, katikati ya chumba cha kulala na stoo.

Mchoraji alijilaumu mwenyewe kwanza. Miaka tisa ya kuchora ramani za nyumba za watu ilikuwa imemfundisha kwamba makosa mengi ni ya mpimaji, si ya nyumba. Akaangalia kama programu imechanganya milimita na sentimita. Haikuchanganya. Akaangalia unene wa kuta. Kumbe programu ilikuwa inahesabu kutoka katikati ya ukuta badala ya usoni pake. Akarekebisha. Vyumba vingine vyote vikakaa sawasawa, ila mwanya ukabaki, na sasa ulikuwa na kipimo kamili: mita moja na sentimita kumi na saba.

Kazi ile aliletewa na mwanamume mpole aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Alitaka kumkarabatia baba mkwe wake nyumba.

"Mke wangu alitoweka miezi minne iliyopita," alisema, akikunjua karatasi yenye picha ya mwanamke anayetabasamu. "Ndiye mtoto wa pekee wa mzee. Sasa mzee hana mtu ila mimi. Nipimie vizuri, dada. Nataka kila sentimita."

Mchoraji alimhurumia tangu siku ile.

Asubuhi iliyofuata alirudi kwenye nyumba akiwa na futi ya chuma pamoja na kile kipimo chake cha leza, ambacho hakukiamini tena. Mzee alimfungulia mlango, akasimama pale pale kizingitini.

"Si ulishapima?"

"Kuna mahali hapajakaa sawa, mzee. Nisamehe. Mkweo anataka kila kitu kiwe kamili."

Mzee akapisha. "Mkwe wangu akitaka jambo," alisema, "halali mpaka alipate."

Walipokuwa wakipita ukumbini, mzee alipaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya barabara. "Mpimaji amerudi! Anaingia chumba cha kulala!" Mchoraji alidhani ni uziwi wa uzee. Lakini leza ilipolia mlio wake mdogo, mzee aligeuka mara moja.

Alipima chumba cha kulala kutoka pembe hadi pembe. Akapima stoo. Akatoka nje, akapima ukuta wote wa nyuma kwa futi, akiibana kwa jiwe upande mmoja. Leza haikuwa imekosea hata kidogo. Nyumba ilikuwa ndefu kwa nje kuliko kwa ndani.

Akarudi chumbani, akasimama mbele ya kabati kubwa la nguo. Lilikuwa limegusana na ukuta kiasi kwamba hata karatasi isingepita. Juu yake rangi ya ukuta ilikuwa mpya, ilhali kuta nyingine zilikuwa zimepauka. Akagonga ukuta kando ya kabati kwa kifundo cha kidole. Ukajibu kwa sauti ya utupu.

"Binti," mzee alisema nyuma yake. Sasa hakupaza sauti. "Andika kwamba ukuta huo ni mnene."

"Mita nzima, mzee?"

"Watu wa zamani walijenga nene."

"Hii nyumba si ya zamani."

Mzee akasogea kati yake na kabati. "Basi andika tu kwa sababu nimekuomba."

Mchoraji alikusanya vifaa vyake bila kuviweka vizuri mkobani. Njiani aliketi kwenye ngazi za duka lililofungwa. Alikuwa akiwaza picha ya yule mwanamke, na rangi mpya juu ya kabati. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea. Akampigia mteja wake simu, akamweleza kila kitu, hadi kipimo.

Upande wa pili akasikia mtu anavuta makamasi.

"Nyuma ya kabati," mwanamume alisema. "Una hakika?"

"Nimepima mara nne. Tuwaite polisi, kaka."

"Tutawaita. Lakini kwanza tuhakikishe, tusije tukamvunjia mzee wa watu heshima bure. Nisubiri hapo."

Alifika kabla ya robo saa, wakarudi pamoja kwa mzee. Mzee alipomwona mlangoni, alipaza sauti zaidi kuliko asubuhi. "Mkwe wangu amekuja! Karibu, mkwe wangu! Karibu ukae sebuleni!" Mkwe hakukaa. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akaliegemea kabati kwa bega, likasogea likikwaruza sakafu. Nyuma yake palikuwa na mlango mdogo wa mbao, wa kumfika mtu kifuani.

Mzee alifungua kinywa. Mkwe alimziba kwa kiganja, akambana ukutani bila hasira, kama mtu aliyezoea.

"Amemfungia mwanawe humu," alimwambia mchoraji, machozi yakimlengalenga. "Gonga, dada. Taratibu. Tusikie kama bado yuko hai."

Mchoraji alipiga magoti. Alitafuta komeo, kufuli, hata msumari, asione chochote. Mbao zilikuwa tupu. Nyuma yake mzee alikuwa anatikisa kichwa, macho yamemtoka. Akagonga mara tatu, polepole.

Komeo likavutwa kwa ndani.

"Baba," sauti ya mwanamke ikanong'ona, "mume wangu ameshaondoka?"