Mguu wa Nyuma wa Kushoto

Kiti kilikuwa kimelegea tena, mguu uleule.

Mama Mashuka alikitua juu ya meza ya kazi, akahema, akasema kama alivyosema kila alipokuja, "Fundi, mgonjwa wako amerudi."

"Mgonjwa hasimamishwi, mama. Mlaze."

Wakakilaza. Mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa ukicheza kidogo, si wa kumwangusha mtu, bali wa kumkera anayekikalia mchana kutwa akishona mashuka ya watu. Mama akavuta kigoda chake cha pembeni ya dirisha na kuanza habari zake: mteja aliyetaka shuka refu kuliko kitanda, jirani aliyehama bila kuaga, cherehani inayokohoa. Fundi alisikiliza, bisibisi mkononi, bila haraka yoyote. Tangu mkewe afariki, hiyo ndiyo sauti pekee iliyoingia mle karakanani bila kuuliza bei.

"Leo utapokea hela yangu," mama alisema.

"Ya kukaza skrubu? Acha masihara, mama."

Shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, alikuwa ameegemea mlango, funguo za pikapu zikizunguka kidoleni. "Shemeji, viti vyote ulivyoitengenezea ile hoteli havijalegea hata kimoja. Hiki kina shetani?"

Mama Mashuka alicheka. Fundi hakucheka.

"Mbao yake ni ya zamani," alisema, akainamia kazi.

Mama alipoondoka, shemeji aliingia ndani na kukaa palepale kwenye kigoda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kampuni ya samani ng'ambo ya mji, na alimtaka fundi awe msimamizi wa mafundi wake.

"Unafuga hasara, shemeji. Mteja ni wa kurudi kununua, si kurudi na kitu kilekile. Mimi wateja wangu nawajali wote, hata majina sihitaji kuyakumbuka, mashine inayakumbuka. Mahusiano ndiyo mtaji. Kila semina wanatuambia hivyo."

Fundi aliujua mtaji huo. Siku yake ya kuzaliwa simu ililia mara moja tu. *Mteja wetu mpendwa, kampuni yako inakutakia heri na afya njema.* Aliwahi kununua vanishi kwa shemeji yake, ndiyo maana mashine ilimkumbuka. Aliusoma ujumbe ule, akala chakula chake, kisha akausoma tena.

"Ukikataa, nafasi nampa mtu mwingine," shemeji alisema kwa upole. "Hapa kodi inapanda, na wewe unakaa kutwa unaongea na randa."

Hilo lilikuwa kweli. Fundi akakubali.

Mama Mashuka alipokuja tena na kiti chake, alikuta rafu zimeanza kuwa tupu.

"Nahama, mama. Nakwenda kwa shemeji, ng'ambo ya mji."

Mama alikitazama kigoda kana kwamba kina mwenyewe mwingine. "Na huko unatengeneza viti?"

"Vipya tu. Vya jumla."

"Basi hongera," alisema. "Na mgonjwa wangu?"

"Nitamtibu sasa hivi."

Siku hiyo kazi ilichukua muda mrefu kuliko kawaida. Fundi alipanda juu ya stuli, akashusha chupa ya gundi kutoka rafu ya juu kabisa na kuipuliza vumbi. Mama hakusimulia habari ya mteja wala ya jirani. Alikaa akichomoa nyuzi kwenye mkono wa blauzi yake hadi mkono ukaanza kufumuka. Mlangoni alikitikisa kiti, kisha akakibeba kifuani kwa mikono miwili.

"Usije ukatusahau, fundi."

"Nitawezaje, mama?"

Karakana mpya ilikuwa kubwa, safi, yenye taa nyeupe. Mashine zilinguruma na kila mtu alikuwa ameziba masikio. Aliyetaka kitu alionyesha kwa kidole. Mchana mafundi walikula wakiwa wameinamia simu zao, na fundi, asiye na wa kumwandikia, alikula akiutazama ukuta. Alianza kumaliza chakula mapema mno. Jioni moja alijisikia akisema "haya" peke yake, akashtushwa na sauti yake mwenyewe.

Siku moja mlinzi alimgusa bega.

"Kuna mama getini. Nimemwambia hatupokei viti vya zamani. Anasema hajaleta kiti, ameleta mgonjwa."

Fundi alitoka na vumbi lake la mbao, hata bisibisi aliisahau mkononi. Mama Mashuka alikuwa amesimama kando ya mkokoteni wa kukodi, vumbi mpaka magotini.

"Mguu uleule," alisema, akimkabidhi skrubu iliyofungwa kwenye leso. "Imetoka yenyewe. Hata sijui."

Fundi alikipindua kiti. Gundi ilikuwa imekwanguliwa yote. Kichwa cha skrubu kilikuwa kimechubuka kila upande, kama kwa ncha ya kisu cha jikoni. Alimtazama mama. Mama alikuwa akitazama barabara, kidole gumba chake kimefungwa kitambaa.

"Mbao yake ni ya zamani, mama," fundi alisema taratibu, akamsogezea kreti tupu akae. "Haya, nipe habari. Yule jirani aliyehama, alirudi?"

Akapiga goti, akaanza kuirudisha skrubu polepole, na ilipokaribia mwisho akaiachia nusu mzunguko bila kuikaza, kama alivyoiachia miaka yote, isipokuwa ile siku ya kuagana.